Mla Jana Kala Nini

Mama alikuwa na banda la chakula hapa Tunduma, mtaa wa Mwaka, hatua chache kutoka pale malori yalipokuwa yakilala kusubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia. Mimi kazi yangu ilikuwa kuosha sahani. Jioni moja mwaka 1988 aliingia dereva, vumbi mpaka kwenye kope, akajitupa kwenye benchi na kusema kwa pumzi moja:

"Mama, tangu Kitonga ni kula kona tu. Gari linakula mafuta kama limetumwa. Foleni imekula siku zangu nne. Na hapo mbele nasikia kuna mtu hajala. Hebu niwekee na mimi nile."

Mama akampakulia ugali, akamjibu bila kuinua macho: "Katika wote uliowataja, wewe ndiye wa mwisho kula, na ndiye peke yako utakayelipa."

Banda zima lilicheka. Nilikuwa darasa la saba. Leo nafundisha Kiswahili sekondari, na kila mwaka nikifika kwenye vitenzi vya silabi moja namkumbuka yule dereva. Alitumia kitenzi kimoja mara tano, na katika mara hizo tano ni ile ya mwisho tu iliyohusu mdomo.

Siku ya somo hilo huandika ubaoni mashina saba: -la, -fa, -ja, -nywa, -cha, -wa, -nya. Kwenye -nya darasa huangua kicheko, nami nangoja kipoe. Kisha naeleza kwamba Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na shina la silabi moja halina pa kuuweka. Ndiyo maana huegemea ku-, tukasema "anakula" wala si "anala". Kwenye kukanusha wakati uliopo ku- hiyo hutoka, tunabaki na "hali". Mwaka fulani kijana wa kidato cha pili alinyoosha mkono: "Mwalimu, kumbe tunapoulizana hali gani, tunauliza nani hajala?" Nikamweleza kwamba hali ya salamu imetoka Kiarabu, haina undugu na njaa. Hakuonekana kuridhika. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa akija shule bila hata chai.

Halafu kuna methali ya mchumia juani. Kila mwaka wapo wanaosoma "hulia kivulini" wakadhani maskini yule anatoa machozi, baada ya jua lote lile. Nawaambia hapana, anakula, amekaa kivulini na matunda ya kazi yake. Kutokana na "kulia" hiyohiyo tumepata mkono wa kulia, yaani mkono wa kulia chakula. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akinipiga vidole nikipeleka wa kushoto kwenye bakuli. Na Kiarabu nacho kimetuletea yamini, neno ambalo kwao ni mkono wa kulia na pia ni kiapo. Kwa hiyo anayekula yamini mahakamani anaapa kwa mkono uleule anaomegea tonge, ingawa hakimu hajui na shahidi hajui.

Kuapa kwenyewe tunakuita kula kiapo, na zamani kiapo kilipita kooni kweli. Katika nchi hizi za kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika mtuhumiwa wa uchawi alinyweshwa sumu ya mwavi. Akitapika, amesalimika; akifa, shauri limekwisha. Serikali za kikoloni zilipiga marufuku mwavi, lakini kitenzi hakikusikia amri hiyo. Mbunge anakula kiapo, askari anakula kiapo, na hakuna kinachoshuka tumboni.

Bibi alizaliwa upande wa pili, Nakonde, wakati ambapo kuvuka hakukuwa na jina. Sisi ni Wanyamwanga. Ukitaka kujua kama Mnyamwanga ni wa Tanzania au wa Zambia, jina halikusaidii: pande zote mbili wanaume ni Si- na wanawake ni Na-. Bibi hakusema "kula", alisema "ukulya". Wanyiha wa Mbozi husema "kulya", Wabemba "ukulya" kama sisi, na madereva waliotoka Lusaka na Chipata walikuja bandani kwa mama na "kudya" yao. Sahani ilikuwa ileile, na neno lilikuwa lilelile likiwa limevaa nguo tofauti. Mwaka 1899 Mjerumani Carl Meinhof alichapisha kitabu cha sauti za lugha za Kibantu akionyesha jinsi maneno ya namna hii yanavyorudi kwenye shina moja la kale. Mama hakumsoma Meinhof, lakini alimhudumia kila aliyesema kudya.

Bibi ndiye aliyenifundisha maana nyingine, ile isiyo ya chakula wala ya rushwa. Chifu mpya alipoketi kwenye kiti, watu hawakusema amechaguliwa au ameteuliwa. Walisema amekula. Nilidhani ni masihara ya wazee mpaka nilipoanza kusoma. Wabemba wana "ukulya ubufumu", kula uchifu. Waganda husema Kabaka amekula Buganda. Kwenye falme za maziwa makuu walikula ngoma, kwa kuwa ngoma ndiyo iliyokuwa ufalme wenyewe. Na si Wabantu peke yao. Wayoruba wa Nigeria wana kitenzi kifupi kama chetu, jẹ: kwa hicho wanakula chakula, wanakula cheo cha kichifu, jẹ oyè, na wanakula deni, jẹ gbèsè, yaani wanadaiwa. Hata anayeteseka kwao anakula mateso, jẹ ìyà. Watu wasiowahi kuonana wamefika kwenye neno moja.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba "kula" ya rushwa ni Kiswahili kilichoharibiwa na miji na siasa, nakataa. Mamlaka yaliliwa kabla ya Wazungu na kabla ya karani wa kwanza kukaa nyuma ya dirisha. Chukua neno hongo. Karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ulipopita Ugogo ulilipa hongo kwa watawala wa huko: nguo, shanga, waya. Haikuwa siri, wala haikuwa aibu. Ilikuwa ushuru wa njia, na mlipaji alipewa maji ya visima na ruhusa ya kupita salama. Leo kamusi zinakuambia hongo ni rushwa. Kinachotolewa hakijabadilika sana. Kilichotoweka ni maji.

Hapo ndipo linapokaa jambo ninalotaka kulisema. Kitenzi hiki kina nusu mbili. Ongeza silabi moja kwenye kula, unapata kulisha. Chifu aliyekula alitazamiwa kulisha: pombe kwa waliomlimia, nafaka mwaka wa njaa, nyama kwa wageni. Sisemi machifu wetu walikuwa malaika. Karne ile ile kulikuwa na waliouza watu kwa misafara ya pembe za ndovu, na hao walikula bila kulisha. Lakini walipofanya hivyo watu walikuwa na neno la kuwapimia.

Kisha mpaka ukaja. Kuanzia mwaka 1881 Waskoti walianza kukata barabara kutoka Karonga, Ziwa Nyasa, hadi Ziwa Tanganyika, kwa fedha za mfanyabiashara James Stevenson, nayo ikaitwa kwa jina lake. Waingereza na Wajerumani walipotia saini mkataba wao wa tarehe 1 Julai 1890, mstari uliwekwa ili barabara hiyo ibaki upande wa Waingereza. Mwaka 1898 tume ya pamoja ilikuja kuupima mstari huo ardhini. Wanyamwanga walikatwa vipande viwili kwa sababu ya barabara ambayo hawakuiomba. Kwa bibi, tendo hilo halikuitwa mkataba. Alisema mpaka ulikula nusu ya ndugu.

Umri wa bibi tuliukadiria kwa nzige. Alikuwa msichana wa kutumwa maji nzige wekundu walipoanza kuja, mwanzoni mwa miaka ya 1930, na janga lile halikuisha mpaka 1944. Bonde la Rukwa, chini kule ambako leo ni Momba na jirani zake, ni mojawapo ya mazalio ya nzige hao, ndiyo maana mwaka 1949 Abercorn, ambayo sasa inaitwa Mbala, iliwekwa makao ya huduma ya kimataifa ya kuwadhibiti. Bibi alisema sauti yao shambani ilikuwa kama moto kwenye nyasi mbichi. Walikula ulezi, walikula majani, na mwishowe watu wakawala wao. Hilo ndilo shauri pekee la ulaji alilosimulia akicheka: waliotula, tuliwala.

Mimi nilizaliwa 1974, mwaka mmoja baada ya reli kufika. Baba alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa reli hiyo, TAZARA. Rhodesia ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru wake Novemba 1965, Zambia ilijikuta njia yake ya kwenda baharini imo mikononi mwa adui. Malori yakageuzwa kuja kwetu kwenye barabara ya udongo ambayo kwa Kiingereza ilipewa jina la jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA likafunguliwa 1968, kilomita 1,710 mpaka Ndola. Reli, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ilianza kujengwa Oktoba 1970 kwa mkopo wa China usio na riba, ikafika Tunduma Agosti 1973, na ikakabidhiwa rasmi Julai 1976.

Baba alijua maneno machache ya Kichina, na la kwanza lilikuwa "chi". Nalo ni kula. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Wachina nao wamelipa neno hilo dogo mizigo mingi: anayevumilia taabu wanasema anakula uchungu, na mwenye wivu wa mapenzi anakula siki. Nikamuuliza baba kama aliwahi kusikia hiyo ya uchungu. Akasema hakuisikia, ila aliiona. Reli nayo ilikula watu. Ukienda Gongo la Mboto, Dar es Salaam, kuna makaburi ya Wachina waliofia kazini.

Mama alifungua banda kwa sababu ya vibarua wa reli, akaliendeleza kwa sababu ya malori. Nakumbuka vizuri miaka ya 1980. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 madukani hakukuwa na sukari, sabuni wala mafuta ya kula. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, na mji wa mpakani ulikuwa roho juu. Kipande cha sabuni kutoka ng'ambo kilikuwa kosa. Kuvuka kulihitaji mtu wa kutazama pembeni, na mtu huyo alihitaji kula. Ni katika miaka hiyo nilipoanza kusikia "ulaji" ukitumika kama jina la kazi: fulani amepata ulaji. Haikuulizwa anafanya kazi gani. Iliulizwa anakula wapi.

Nami sikubaki nje. Siku moja nilikula chenji ya dereva, shilingi 20, nikidhani hataihesabu. Mama aliijua kabla ya jua kuzama. Hakunichapa. Alinipa sahani ya chakula, akakaa mbele yangu na kunitazama nikila mpaka mwisho, kisha akasema: "Umeshiba? Basi kesho utapika wewe, uwalishe." Niliamka saa kumi usiku kuwasha mkaa. Sijala chenji ya mtu tena.

Siasa ya vyama vingi ilipokuja, kitenzi kilipata kazi mpya. Hapa Songwe, ambako lugha zetu za nyumbani hazitenganishi l na r, wanafunzi wangu huandika "wananchi walipiga kula". Nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu mara zisizohesabika, na kuna miaka mkono wangu ulisita. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili mgombea aruhusiwe kutoa takrima, yaani ukarimu wa kawaida kwa wapiga kura. Neno zuri la Kiarabu, lenye undugu na karimu. Mtaani halikukaa hata wiki: tuliita kura ya kula. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, vikafutwa. Pilau iliyoliwa kati ya miaka hiyo haikurudishwa.

Kauli ya kutendwa ya kula ni kuliwa, na mama aliionja kupitia kwacha. Zambia iliacha pauni na kuanza kutumia kwacha Januari 1968. Kwacha yenyewe ni kitenzi kifupi kama chetu, ile -cha ya ubaoni: pamekucha. Tarehe 1 Januari 2013 waliikata sifuri tatu, elfu moja ikawa moja, na kwa miezi sita noti za zamani na mpya zikatembea pamoja. Jioni moja umeme umekatika, mteja alimpa mama noti ya zamani ya 1,000 kwa chakula cha kwacha 10, akamwambia kwa upole abaki na chenji. Mama, aliyezishika kwacha tangu zilipotoka kiwandani, alimshukuru na kumtakia safari njema. Asubuhi aliitazama kwenye mwanga. Ilikuwa kwacha moja. "Nimeliwa," akasema, "na nilisema asante."

Vijana wa leo wana misemo yao ya kula. Wanakula bata, yaani wanajifurahisha. Wanakula buyu, wamenyamaza. Mambo yakiharibika, imekula kwao. Sina ugomvi na misemo hiyo. Ina afya na inachekesha. Kuna mmoja tu unaonikera. Bandani kwa mama, Mtanzania na Mzambia waliokutana leo walikula sahani moja, na aliyekula nawe sahani moja hakuibiwa mzigo usiku ule, mlilindana. Sasa ukisikia mtu mkubwa anasema "nitakula naye sahani moja", jua kuna mtu amekwisha. Tumelichukua jambo la kindugu kuliko yote yaliyofanyika mezani, tukalifanya kitisho. Wahenga walishatuonya kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Hawakutuambia tumgeuze mla nawe kuwa chakula.

Januari 2016 Songwe ukawa mkoa, ukikatwa kutoka Mbeya, makao yake Vwawa. Mwaka huohuo mama aliacha kupika. Magoti yalikuwa yamechoka. Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walizindua kituo cha huduma kwa pamoja mpakani, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Foleni zilipungua, hazikuisha. Kuna wiki bado zinafika eneo la Mpemba, na madereva bado wanasema zimekula siku zao.

Methali inasema mla ni mla leo, mla jana kala nini. Maana yake ni kwamba ya jana hayakushibishi leo. Mwalimu wa lugha anaruhusiwa kuichukua kama swali la kweli, nami jibu ninalo kabatini. Mama alikuwa na madaftari ya waliokula bila pesa mkononi: dereva aliyeishiwa, utingo aliyeachwa na gari, kibarua asiyelipwa mwisho wa mwezi. Hakuandika majina. Aliandika namba ya gari, chakula, na neno moja: kala. Aliyelipa, mstari wake ulikatwa.

Daftari la mwisho lina mistari 41 isiyokatwa. Mingi ni ugali na maharage, michache samaki wa Rukwa. Namba nyingine ni za Zambia, mbili za Kongo. Nilimuuliza mama kama nilitupe. Akasema niliache, wale ni watu aliowalisha.